Jina, Kazi na Mahali

Wahenga walituachia methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa muda mrefu methali hiyo ilinitia haya. Mimi ni mtu niliyekula kwa kuchora: mabango, majalada ya vitabu, kalenda, vibandiko vya chupa, na zaidi ya yote kadi za biashara, vile vipande vya karatasi ngumu ambavyo watu hupeana wanapoagana. Sasa kadi ya biashara ni nini kama si kujitembeza? Kama kazi yangu ni nzuri, ya nini kumgawia anwani yangu kila niliyekaa naye kwenye baraza la kahawa? Swali hilo nimeishi nalo zaidi ya miaka 30, na hapa nataka kulijibu kwa kumsimulia msomaji habari za kadi mbili. Ya kwanza ni yangu mwenyewe, na ilinitia hasara. Ya pili ilichongwa mjini London mwaka 1720 na kijana wa miaka 22, nayo ndiyo iliyonionyesha, ingawa kwa kuchelewa, mahali nilipokosea.

Mwaka 1992 niliacha kazi katika kiwanda kimoja cha uchapaji jijini Dar es Salaam. Sikufukuzwa, wala sikugombana na mtu. Nilichoka tu kuona michoro yangu ikitoka mlangoni kwa jina la kiwanda, na mimi nikibaki na wino kwenye kucha. Nyumbani tulikuwa na mtoto mmoja, na wa pili alikuwa njiani. Mke wangu alikuwa akicheza upatu na wenzake pale Magomeni. Zamu yake ilipofika alikuwa amepanga kununua cherehani, lakini alinikabidhi fedha zote mkononi, akaniambia nianze, cherehani itangoja.

Basi nikachapisha kadi 500. Nilitaka kadi ile iseme kila kitu. Niliorodhesha kazi 11 nilizoweza kufanya, na mbili ambazo nilitumaini kujifunza. Nilitumia herufi za aina tatu. Pembeni niliweka brashi, kalamu na tufe la dunia, michoro niliyoinakili kutoka kitabu cha mapambo cha kigeni. Chini niliandika sanduku la posta, nalo halikuwa langu bali la mjomba wangu. Kisha, ili watu wasinidharau, nikaongeza mstari uliosema kwamba nilikuwa mchoraji mkuu wa kiwanda fulani, nikakitaja kiwanda kwa jina. Cheo cha ukuu nilijipa mwenyewe, maana tulikuwa wachoraji wawili tu.

Miezi minne ilipita. Nilipata vijikazi vya hapa na pale, lakini kazi ya kuweza kulipa kodi ya nyumba haikuja. Baadaye nikaja kujua kwamba ilikuja, ila haikunikuta. Bwana mmoja wa chama cha ushirika kutoka bara, ambaye nilimpa kadi yangu ndani ya basi, alifika mjini akitafuta mtu wa kumchorea kalenda na vibandiko vya magunia ya kahawa. Aliandika barua kwa lile sanduku la posta. Mjomba alikuwa safarini, barua ikalala. Bwana yule alipoona siku zake mjini zinakwisha, aliitazama tena kadi, akaenda mahali pekee palipotajwa juu yake ambapo mtu angeweza kufika kwa miguu. Alikwenda kiwandani. Wakamkaribisha vizuri, wakamwambia huyo mtu ameondoka lakini kazi kama hizo ndizo zao. Wakamfanyia.

Kalenda ile niliiona ikining'inia kwa kinyozi, mwezi Januari. Sikuwa na wa kumlaumu. Mteja wangu nilimpeleka kwao mimi mwenyewe, tena kwa kadi niliyoilipia kwa fedha za cherehani.

Nilikwenda kumwona mzee mmoja aliyekuwa mpanga herufi wetu kiwandani kabla ya kustaafu. Nilimwamkia, akaitikia, nikampa kadi yangu. Alivaa miwani, akasoma mbele, akaigeuza nyuma kama mtu anayetafuta kilichobaki. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, hapa nimesoma habari za kiwanda. Wewe unakaa wapi?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea kwa upole kwamba katika miaka yake ya kupanga chapa, kila herufi aliishika kwa vidole vyake: aliitoa kisandukuni, akaipanga kichwa chini na kinyumenyume, na kazi ilipokwisha aliirudisha kila moja mahali pake. Mtu wa namna hiyo, alisema, huhesabu maneno kama mchota maji anavyohesabu ndoo. Wateja wengi waliokuja na maandishi marefu ya kadi walikuwa watu wenye hofu. Mwenye duka lake hasa alikuja na maneno matano au sita.

Niliyaweka maneno yake moyoni, lakini sikuyaelewa vema hadi miaka kadhaa baadaye nilipoazima kitabu cha historia ya michoro ya kuchapwa. Ndani yake mlikuwa na picha ya kadi ya William Hogarth.

Ili tuielewe kadi hiyo, yatupasa kwanza tuujue mji ilikotoka. London ya mwanzo wa karne ya 18 ilikuwa mji mkubwa usiokuwa na namba za nyumba. Mtu akitaka kumfikia sonara au mshonaji, aliambiwa mtaa, halafu akaambiwa kibao: nenda penye malaika wa dhahabu, nenda penye fahali mweusi, penye taji, penye simba mwekundu. Kila duka lilitundika kibao kikubwa juu ya njia, cha mbao na chuma, kila mmoja akijaribu kumzidi jirani yake, hata vibao vikazuia mwanga na kulia usiku kucha vikisukumwa na upepo. Mwaka 1718 kibao kimoja karibu na Fleet Street kilianguka pamoja na ukuta uliokishikilia, kikaua watu wanne. Hata hivyo vibao viliendelea kutundikwa, kwani bila kibao duka lilipotea. Ni katika miaka ya 1760 ndipo sheria zilipoanza kuviondoa na nyumba kuanza kupewa namba.

Kadi ya biashara ya Waingereza ilikulia katika mji wa namna hiyo. Ilikuwa karatasi iliyochapwa kwa bamba la shaba, mara nyingi kubwa kuliko kadi zetu za leo, nyingine zikifikia ukubwa wa ukurasa wa kitabu. Juu palichorwa kibao cha duka, ili mgeni aliyeishika aweze kuinua macho na kulinganisha picha ya mkononi na kibao cha mtaani. Chini yake likafuata jina la mwenye duka, maelekezo ya njia, na orodha ya bidhaa. Hivyo kadi ilikuwa ramani kabla ya kuwa sifa. Wenye maduka walikuwa na desturi nyingine iliyonifurahisha sana: nyuma ya kadi, au chini yake palipobaki nafasi, waliandika hesabu ya mteja na kukiri malipo yaliyopokewa. Sisi husema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lao lilikuwa mgongoni mwa kadi.

Katika mji huo William Hogarth alizaliwa tarehe 10 Novemba 1697. Baba yake alikuwa mwalimu wa Kilatini aliyewahi kufungua mkahawa ambamo wateja walialikwa kuzungumza lugha hiyo. Kama msomaji anavyoweza kukisia, biashara haikudumu. Baba alifilisika, akatiwa katika gereza la Fleet kwa ajili ya madeni, William akiwa angali mtoto. Mwaka 1714 kijana alipelekwa kuwa mwanagenzi wa Ellis Gamble, fundi wa kuchonga vyombo vya fedha, ambaye duka lake lilikuwa penye kibao cha malaika wa dhahabu katika mtaa wa Cranbourn. Uanagenzi ulikuwa wa miaka saba. Kazi yenyewe ilikuwa kuchonga ngao za ukoo na mapambo juu ya sahani na vikombe vya matajiri. Mwaka 1718 baba alifariki. Mwaka 1720, kabla miaka saba haijatimia, kijana alijitoa kwa bwana wake akaanza kujitegemea.

Kazi aliyoifanya mwanzoni ni ile ninayoifanya mimi: kadi za maduka, ngao, tiketi, picha za vitabu vya watu wengine. Na kazi ya kwanza kabisa tunayoijua kwa tarehe ni kadi yake mwenyewe. Imezungukwa na urembo uliojipinda, sura za watu zimesimama huku na huku, vitoto vya malaika viko juu, na katikati maneno machache: W. Hogarth, mchongaji, Aprili 23, 1720.

Nilipoiona mara ya kwanza nilikitafuta kilichokuwa kwenye kadi yangu. Nilimtafuta Gamble, sikumwona. Huyu alikuwa kijana asiye na mtaji, mtoto wa mtu aliyefungwa kwa madeni, asiyemaliza uanagenzi wake. Angeweza kuazima jina la bwana wake, duka linalojulikana, malaika wa dhahabu anayemetameta mtaani. Hakufanya hivyo. Aliandika jina lake na kazi yake, akaweka tarehe, kama mtu anayeandikisha kuzaliwa kwa mtoto.

Nisieleweke vibaya kwamba naisifu kadi ile kwa sababu haina mapambo. Mapambo inayo, tena mengi kuliko yangu. Lakini hapa ndipo nilipoelewa tofauti ya mapambo na mapambo. Kuchonga bamba la shaba ni kazi ngumu. Fundi hukata mistari kwa ncha ya chuma, kila kitu kinyumenyume. Akimaliza hupaka wino, hufuta juu mpaka wino ubaki ndani ya mistari tu, hulaza karatasi yenye unyevunyevu, kisha hupitisha vyote kati ya magogo mawili yanayokandamiza. Kosa dogo la mkono haliwezi kufutwa kwa kidole. Kwa hiyo kila jani na kila kidole cha mtoto kwenye kadi ya Hogarth kilikuwa sampuli ya bidhaa anayoiuza. Mteja hakuhitaji kusoma orodha ya kazi 11, kwani kazi yenyewe alikuwa ameishika mkononi. Lakini tufe na brashi za kwenye kadi yangu zilikuwa za mtu mwingine. Nilikuwa nimejisifu kwa kuchora, kisha nikathibitisha kwa mchoro wa kuiba.

Nalo neno kuiba Hogarth alikuja kulijua kwa uchungu. Mwaka 1724 alitoa picha yake mwenyewe ya kuwadhihaki watu wa mji kwa ladha yao mbaya ya michezo, akaiuza shilingi moja. Mara ikanakiliwa, na wauza picha wakaziuza nakala kwa nusu ya bei. Mwaka 1732 alitoa picha sita za maisha ya msichana aliyepotezwa na mji, zikapendwa mno, nazo zikaibwa. Basi yeye na wasanii wenzake wakapeleka shauri bungeni, na mwaka 1735 ikapitishwa sheria iliyompa mchongaji haki juu ya picha yake kwa miaka 14. Mfululizo wake mpya aliuzuia kwa makusudi, akautoa sheria ilipoanza kufanya kazi mwezi Juni mwaka huo. Tena sheria ilitaka jambo moja kwa mwenye kudai haki hiyo: jina la mwenye picha na siku ya kutolewa kwake vichongwe juu ya bamba. Jina na tarehe, yale yale aliyoyachonga juu ya kadi yake miaka 15 kabla ya Bunge kuyaona.

Hata alipokuwa maarufu hakuacha kuwaonyesha watu mahali alipo. Alipohamia Leicester Fields mwaka 1733, alijitengenezea kibao mwenyewe: kichwa cha mchoraji Van Dyck, kilichoundwa kwa vipande vya kizibo vilivyogandishwa pamoja na kupakwa rangi ya dhahabu. Mtu ambaye picha zake zilijulikana kote mjini bado alitundika kichwa mlangoni ili mteja asipite. Ndipo methali yangu ikaanza kunifunguka. Kizuri chajiuza, naam, lakini sharti kwanza mnunuzi ajue kilipo. Embe bivu likiwa juu ya mti ndani ya ua wa mtu halijiuzi. Kumwonyesha mtu mlango si kujitembeza. Kujitembeza ni kusimama kwenye mlango wa mwingine na kusema huu ni wangu, kama nilivyofanya mimi.

Kuna kadi nyingine, nayo ni ya karibu mwaka 1730, inayohesabiwa miongoni mwa kazi za Hogarth. Ni ya dada zake wawili, Mary na Ann, waliokuwa na duka la nguo. Inaonyesha ndani ya duka, wateja wakihudumiwa. Maandishi yanaeleza kwamba wametoka duka la zamani lililo pembeni mwa njia fulani, wamehamia penye kibao cha ngao ya mfalme, pale palipopakana na lango la Little Britain. Nilipoisoma nilicheka peke yangu, kwa sababu ndivyo tunavyoelekezana sisi. Shuka kituo cha kwanza, pita msikiti, uliza duka la dawa, nyumba ya tatu yenye mwembe.

Kwa miaka mingi hapa kwetu sanduku la posta ndilo lililokuwa anwani ya mtu. Sanduku hupokea barua, lakini mteja hawezi kukaa ndani yake akisubiri. Nyumba nyingi hazikuwa na namba, mpaka mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, Serikali ilipofanya operesheni ya anwani za makazi nchini Tanzania, mitaa ikaandikwa majina na milango ikabandikwa namba. Mji wetu umeishi na maelekezo ya mdomo muda mrefu, na fundi aliyedhani ni ushamba kuyaandika kwenye kadi alipoteza wateja kwa ajili ya kujiona wa kisasa.

Kadi yangu ya pili niliitoa mwaka 1993. Niliandika jina langu, nikaandika mchoraji, nikaandika Magomeni Mapipa, nyuma ya msikiti, mlango wa kijani. Pembeni nilichora mlango wenyewe kwa kalamu yangu, mistari tisa tu. Nilichapisha 100, maana upatu ulikuwa umeshakwisha. Mwenye nyumba alipopaka mlango rangi ya buluu mwaka uliofuata, ilinibidi kukaa jioni nzima nikisahihisha kadi zilizobaki kwa mkono. Lakini watu walifika. Wengine walikuja wakiwa wameishika kadi mbele yao, wakitazama mchoro, kisha wakitazama mlango, kama mgeni wa London chini ya vibao.

Tangu siku hizo nimewachorea kadi wengi waliojitoa kwa mabwana zao: mafundi, wapiga picha, wachoraji wenzangu wanaoanza. Vyombo vimebadilika. Kompyuta imechukua nafasi ya herufi za risasi, na sasa kijana huweka kwenye kadi alama ya miraba myeusi inayosomwa na simu. Mimi huwauliza maswali yale yale. Jina lako nani? Unafanya nini, kwa neno moja? Nikitaka kukufikia leo kabla ya magharibi nifanye nini? Wengi hujibu la kwanza haraka. La pili huwachukua muda. La tatu ndilo linaloonyesha kama mtu ameshajitoa kweli, au mguu mmoja bado uko kwa bwana wake. Ukubwa wa kadi, milimita 90 kwa 55, huwatosha wote wenye majibu. Wasio nayo huomba niichape pande mbili.

Kadi za kale za London tunazijua leo kwa sababu wapo watu walioona thamani ya vikaratasi hivyo wakati wengine wakivitupa. Sarah Sophia Banks, aliyefariki mwaka 1818, alizikusanya kwa wingi. Baada yake Ambrose Heal, mwenye biashara ya fanicha jijini London, alikusanya maelfu na kuandika kitabu juu yake mwaka 1925. Makusanyo yao yamo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza. Wanahistoria huzigeuza nyuma kusoma yale mahesabu ya mkono, kwani huko ndiko wanakojua nani alinunua nini na kwa bei gani.

Kadi zangu za kwanza hazikukusanywa na mtu. Zilibaki zaidi ya 300, na kuzitupa niliona uchungu kwa sababu ya cherehani. Nyuma yake palikuwa peupe, basi nikafanya kama wenye maduka wa zamani bila kujua kwamba nawaiga: nikaandika humo malipo ya awali, madeni, tarehe za kukabidhi kazi. Zilinitosha kwa miaka sita. Juzi nikipanga sanduku niliikuta moja. Mbele yake yumo mchoraji mkuu mwenye kazi 11 na tufe la dunia. Nyuma, kwa mwandiko wangu wa haraka, imeandikwa tarehe ya Machi 1995, kazi ya vibandiko imelipwa yote, na chini yake mstari mmoja: cherehani, imenunuliwa.